Mchora ramani ndiye anayechagua mbunge: gerimanda ya Marekani vile naielewa mimi

Shemeji yangu wa Likoni alinipigia juzi akaniuliza, hivi inawezekanaje watu wa Texas wabadilishe mipaka ya maeneo bunge kabla hata sensa nyingine haijafika na hakuna wa kuwashika? Nikamwambia shemeji ngoja nikuandikie, manake kwa simu hatutaimaliza na hii ndo kazi yangu, nachora ramani kwa kompyuta, mabomba ya maji na mitaro ya kaunti moja hapa Texas, na kusema kweli kupanga mabomba na kupanga wapiga kura ni ufundi ule ule.

Kwanza tuelewane maneno. Texas nitaiita jimbo, na pale anapotoka mbunge nitapaita eneo bunge, tusije tukachanganyana. Baraza la Wawakilishi lina viti 435, kila miaka 10 watu wanahesabiwa halafu majimbo yanagawiwa viti kulingana na idadi yao. Baada ya sensa ya 2020 kila eneo bunge lilikuwa na wastani wa watu kama 761,000, na Texas ikapata viti 38. Ndani ya jimbo lazima idadi za watu zilingane, hilo Mahakama ya Juu ilishaliamua tangu 1964. Sasa mstari upite wapi, nani anaamua? Kwetu Kenya ni IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka. Huku, majimbo mengi, ni wabunge wa jimbo wenyewe, yaani wanasiasa ndio wanaoshika kalamu.

Mchezo si mpya. 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia saini ramani yenye eneo lililojikunja kama mjusi, gazeti likalichora na mabawa na kucha, likaunganisha jina lake na jina la yule mjusi, salamander, ndo tukapata gerimanda, yaani kuchora mipaka ili chama chako kibebe viti zaidi.

Sasa shika kalamu na wewe uone. Chukua nyumba 15, tisa zinapigia Njano na sita zinapigia Kijani, ugawe mafungu matatu ya nyumba tano tano. Ukigawa kwa haki Njano atapata viti viwili na Kijani kimoja. Lakini ukiwa wewe ni Kijani unawarundika Njano watano kwa fungu moja, hapo wanashinda kwa kishindo lakini ni kiti kimoja tu, halafu wale wanne waliobaki unawatawanya wawili huku wawili kule, na kila upande unaweka Kijani watatu. Umepata viti viwili kati ya vitatu na wewe ndiye mwenye watu wachache! Na Njano naye akishika kalamu anaweza kuweka tatu kwa mbili kila fungu abebe vyote vitatu. Hakuna mtu amehama, hakuna kura imeibwa, masanduku yote yako sawa. Kurundika na kutawanya, basi, gerimanda yote ni hayo mawili.

Watu wengi wanadhani utaitambua kwa umbo baya. Hapana, na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Idara ya sensa imeigawa nchi vipande vidogo zaidi ya milioni 8, vingi ni kama mtaa mmoja hivi, unaweka juu yake matokeo ya chaguzi zilizopita, unavuta mstari kidogo na tarakimu zinabadilika pale pale kwenye skrini. Siku hizi naweza kukuchorea ramani nzuri ya kupendeza, mistari imenyooka, na bado iwe imekumaliza.

North Carolina 2016 ndio mfano ninaourudia kila siku. Mbunge mmoja wa bunge la jimbo lile, David Lewis, alisema hadharani kwamba anataka ramani ya Warepablikani 10 na Wademokrati 3 kwa sababu haamini inawezekana kuchora ya 11 kwa 2. Na uchaguzi wa mwaka huo ukatoa 10 kwa 3, wakati Warepablikani walipata kura kama asilimia 53 hivi. Chuo cha North Carolina A&T kule Greensboro, chuo kikubwa cha kihistoria cha Weusi, mstari ukapita katikati yake, wanafunzi wa chuo kimoja wakawa na wabunge wawili na hakuna anayewahitaji, hadi mahakama ya jimbo ilipolazimisha ramani nyingine 2019. Mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Duke, Jonathan Mattingly, alichoresha kompyuta ramani zaidi ya 24,000 za jimbo lile zinazofuata sheria, na zilizotoa 10 kwa 3 hazikufika hata asilimia moja. Kwa mtu wa ramani huo ni ushahidi, kama alama za vidole.

Lakini kesi ilipofika Mahakama ya Juu Juni 2019, majaji watano kwa wanne wakasema haya ni mambo ya siasa, mahakama za shirikisho hazina la kufanya. Jaji Kagan, mmoja wa wale wanne, aliandika kwamba anapinga kwa huzuni kubwa. Mimi niliisoma ile hukumu usiku mzima na bado inaniuma, manake kipimo kipo, tumekitengeneza, wakasema hakitoshi.

Kwahiyo shemeji, jibu lako liko hapo. Texas Warepablikani walikuwa na viti 25 kati ya 38, 2025 Trump akataka ramani mpya ya kuwapa vitano zaidi, Wademokrati zaidi ya 50 wa bunge la jimbo wakakimbilia Illinois na kwingine ili akidi isitimie, wakakaa kama wiki mbili wakarudi, na Agosti 29 gavana Abbott akaitia saini ile ramani. Majaji wa shirikisho kule El Paso waliizuia Novemba kwa hoja ya ubaguzi wa rangi, Disemba Mahakama ya Juu ikairuhusu. California nao wakajibu, wakaiweka kando ramani ya tume yao ya wananchi kwa kura ya Novemba 4 ili wapate vitano vyao. Mimi tume ile nilikuwa naitolea mfano kila mahali, kwahiyo sikufurahi hata kama naelewa hasira yao. Na Wademokrati si malaika, Illinois wana viti 14 kati ya 17, Maryland 7 kati ya 8.

Walionishangaza ni Indiana. Shinikizo la kuchora ramani mpya lilitoka Ikulu, maseneta kadhaa wa jimbo wakatishiwa mpaka majumbani kwao, na Disemba 11 kura ikapigwa, Warepablikani 21 wakaungana na Wademokrati wakaikataa ramani 31 kwa 19, wakati ramani yenyewe ingekibeba chama chao. Nilikuwa kazini, nikaacha mabomba nikafuatilia hesabu ya kura hadi mwisho.