Saikolojia ya lugha ni nini, na katika chuo kikuu husomwa vipi?

Saikolojia ya lugha, ambayo baadhi ya wanaisimu (wataalamu wa sayansi ya lugha) huiita isimu saikolojia, huchunguza kazi ya akili mtu anaposema, anaposikiliza, anaposoma na anapojifunza lugha. Mwanasarufi huuliza sentensi imejengwaje. Mwanasaikolojia wa lugha huuliza imewezaje kutungwa kichwani kwa muda mfupi namna ile, na mtoto aliyezaliwa hana neno hata moja amefikaje kuitunga.

Kazi hiyo haionekani, kwa hiyo watafiti huitafuta pale inapokwama. Mtu anataka kusema "tia sukari kwenye chai", anajikuta amesema "tia chai kwenye sukari". Neno "chai" limetoka kabla ya zamu yake, na lisingeweza kutangulia kama lilikuwa bado halijachaguliwa. Zaidi ya hayo, nomino imebadilishana nafasi na nomino, kitenzi hakikuguswa. Mwaka 1971 Victoria Fromkin, mwanaisimu wa Marekani, alionyesha kwamba ulimi ukiteleza huteleza kwa utaratibu, na kwamba utaratibu huo unafichua hatua za kutunga usemi.

Mizizi ya taaluma hii ni ya zamani. Wilhelm Wundt, aliyefungua maabara ya saikolojia mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, aliandika sana kuhusu lugha. Jina la sasa la taaluma hii lilishika Marekani miaka ya 1950, na mwaka 1959 mwanaisimu Noam Chomsky alipinga vikali hoja ya mwanasaikolojia B. F. Skinner kwamba lugha ni tabia inayojengwa kwa mazoea na tuzo.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Jean Berko, mtafiti wa Marekani, la mwaka 1958. Aliwaonyesha watoto wanaozungumza Kiingereza picha ya kiumbe, akakiita "wug", jina alilolitunga mwenyewe. Kisha akawaonyesha viwili, akawaachia wamalizie sentensi. Wengi waliweka wingi sahihi wa neno ambalo hawakuwahi kulisikia. Kumbe walikuwa na kanuni kichwani, hawakuwa wakikariri.

Sasa lilete jaribio hilo kwenye Kiswahili uone linavyonoga. Mwambie mtoto, "Huu ni mzuvu", ukimwonyesha kitu kama mti. Utategemea aseme "mizuvu". Mwonyeshe kitu chenye macho na miguu, useme "Huyu ni mzuvu", na wingi unaotarajiwa ni "wazuvu". Ukimwita mnyama huyo "kizuvu", mtoto ana kazi ngumu zaidi: je, atasema "vizuvu viwili" kwa kufuata umbo, au "vizuvu wawili", kama tunavyosema viboko wawili, kwa kufuata uhai? Umri ambao jibu linabadilika ungetueleza mengi kuhusu namna ngeli zinavyokaa akilini, na Kiingereza hakina mahali pa kuuliza swali hilo. Mwanaisimu Kamil Deen alifuatilia usemi wa watoto wadogo wa Nairobi, akaonyesha kwamba mwanzoni huacha baadhi ya viambishi vya kitenzi, kama cha nafsi na cha wakati. Tafiti za aina hiyo bado ni chache mno ukilinganisha na lugha za Ulaya, na hilo linaniuma, kwa sababu nadharia inayodai kueleza akili ya binadamu wote inapaswa kupimwa kwa lugha zetu pia.

Katika chuo kikuu, mara nyingi utaikuta taaluma hii kama somo ndani ya shahada ya isimu au ya saikolojia, na ubobezi huja kwenye uzamili na uzamivu. Mwanafunzi husoma fonolojia (mfumo wa sauti za lugha), sintaksia (muundo wa sentensi), kumbukumbu na ubongo. Takwimu huwatisha wengi waliokuja kwa mapenzi ya lugha, lakini hazikwepeki, kwani matokeo hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Kuna kompyuta inayorekodi kasi ya kubonyeza kitufe, kamera inayofuata macho ya msomaji, na kofia ya elektrodi inayopima umeme wa ubongo. Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha mjini Nijmegen, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1980, ina vyote hivyo. Lakini kwa kinasa sauti, daftari na ridhaa ya wazazi, mwanafunzi anaweza kukusanya usemi wa watoto wa mtaa wake na kupata data nzuri.

Wanaohitimu hufundisha, hutunga vifaa vya kusomea, au huendelea na mafunzo ya tiba ya usemi. Huko kwenye tiba ndiko upungufu wa tafiti unakoumiza zaidi. Tangu daktari Mfaransa Paul Broca alipomchunguza mwaka 1861 mgonjwa wa Paris aliyebakiwa na silabi "tan" tu, inajulikana kwamba jeraha la ubongo linaweza kuharibu usemi na kuacha uelewa mwingi ukiwa mzima. Mgonjwa wa kiharusi anayezungumza Kiswahili anahitaji kipimo kinachotazama viambishi: je, bado anatofautisha "alinipiga" na "nilimpiga"? Kumtafsiria tu maswali ya Kiingereza hakutoshi kulijua hilo.