Panda, vitanzi na haki: kupanga kozi za mbio za ramani

Katika mbio za ramani na dira, ambapo unatafuta vituo vyenye vibendera kwa mpangilio uliopewa, anayeshika nafasi ya pili ana kishawishi kikubwa: kuacha kusoma ramani na kufuata mgongo wa aliye mbele. Mbio za kupokezana ndizo zinazoumia zaidi, kwa kuwa zamu ya kwanza huanza kwa pamoja. Jukola ya Finland na Tiomila ya Sweden huachia mamia ya timu msituni kwa mkupuo mmoja. Dawa ya mpangaji ni panda, yaani kozi inayogawanyika matawi kama njia panda: kutoka kituo cha 4, wengine wanapelekwa 5A, wengine 5B, wengine 5C, kisha wote wanakutana kituo cha 6. Ukimwandama jirani, unajikuta mbele ya kibendera kisicho chako.

Kozi za klabu nazipanga kwa Purple Pen, programu ya bure inayotumia Windows. Inapokea ramani iliyochorwa kwa OCAD au OpenOrienteering Mapper, na juu yake naweka vituo kwa rangi ya zambarau. Kuongeza panda ni kubofya kituo na kuchagua idadi ya matawi, basi. Kichwa kinauma baadaye.

Sheria yenyewe ni kwamba mbio zikiisha, kila timu iwe imekimbia vipande vilevile (kipande ni safari ya kutoka kituo hadi kituo), hata kama kwa mpangilio tofauti. Timu ya watu watatu ikipewa panda ya matawi matatu, kila mmoja anapata tawi lake, na mipangilio inayowezekana ni 6. Panda mbili za namna hiyo zinatoa mipangilio 36, tatu zinatoa 216. Kompyuta inakupa jedwali zima la timu na zamu kabla chai haijapoa. Ila ukiwapa watu hao watatu panda ya matawi mawili, timu moja inaweza kulikimbia tawi A mara mbili na nyingine mara moja tu. Ikitokea hivyo umekwishampendelea mtu, hata kama hukukusudia.

Wapangaji wageni hunaswa zaidi pale wanapounganisha panda mbili bila kituo cha wote katikati. Timu moja itatoka 5A kwenda 6A, nyingine 5A kwenda 6B, na vipande hivyo havifidiwi popote. Kwa hiyo kati ya panda na panda weka kituo kinachopitiwa na kila mtu.

Kwa mbio za mtu mmojammoja panda hazifai, maana hakuna mwenzako wa kukukimbilia tawi lililobaki. Huko tunatumia vitanzi vya kipepeo: unapita kituo cha kati, unazunguka bawa moja, unarudi, unazunguka jingine. Mabawa mawili yana mpangilio wa aina 2, matatu aina 6, na kila mkimbiaji anamaliza yote mwenyewe.

Sasa turudi kwenye kile ambacho programu haikioni. Yenyewe inapima mstari ulionyooka. Chukua kipande cha mita 600 kutoka jabali lililo pembeni ya kinamasi hadi kibonde upande wa pili wa kilima. Ukinyoosha, unapanda kontua tatu, yaani mistari mitatu ya mwinuko kwenye ramani. Kwa ramani ya kontua za mita 5, huo ni mwinuko wa mita 15. Ukizungukia kushoto kwa njia ya miguu, unaongeza kama mita 150. Kwa makadirio yetu ya kawaida, kupanda mita 1 ni sawa na kukimbia mita 10 za tambarare, kwa hiyo njia hizo mbili zinakaribiana. Kipande kizuri ni hicho, kinachomlazimisha mtu aamue. Tawi B likiwa na mita 600 zilezile lakini ndani ya kinamasi, jedwali litasema matawi yako sawa na miguu itasema vingine. Mimi siamini tawi ambalo sijalipitia mwenyewe.

Giza nalo linavuruga mizani. Jukola huanza saa tano usiku, Tiomila nayo hukesha. Anayelitafuta jabali kwa taa ya kichwani na anayeliona mchana hawajafanya kazi moja, hata kama kipande ni kilekile. Panda nzito nazibakiza ndani ya zamu zenye mwanga unaofanana.

Vibendera vya matawi visibanane. Kwa mbio za msituni, vituo viwili havikai ndani ya mita 30, na vikiwa kwenye vitu vinavyofanana, tuseme majabali mawili, viachane angalau mita 60. Namba za vituo huanzia 31. Naepuka 66, 68, 86, 89 na kadhalika, kwa kuwa zikipinduliwa zinasomeka kama namba nyingine, na sipangi 45 na 54 kwenye panda moja. Mtu aliyechoka akigonga chipu, ile inayorekodi vituo alivyopita, kwenye kituo cha mwenzake, timu nzima inaondolewa.

Kabla ya kufunga mizigo kuna uhakiki wa karatasi. Kila ramani inachapwa na namba ya timu na ya zamu. Nachukua bahasha ya timu moja, natandaza ramani zake mezani na kufuata kwa kidole tawi baada ya tawi nikilinganisha na jedwali, kisha bahasha nyingine nyingine bila kuchagua. Ikitokea ramani moja haikubaliani na jedwali, nafungua bahasha zote.