Chembe nano za protini: rangi moja ya kuona saratani na kuiunguza

Usiku umeme ukikatika, washa tochi ya simu uifunike kwa vidole. Vidole vinageuka vyekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hupenya nyama kuliko wa buluu au wa kijani. Tiba ninayoieleza hapa inategemea jambo hilo dogo.

Chembe nano za protini ni vifurushi vidogo mno vya protini vinavyobebeshwa rangi inayoamshwa na mwanga. Chukua feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma mwilini. Vipande vyake 24 hushikamana vyenyewe kuwa mpira wenye uwazi ndani, upana wake nanomita 12. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Mwili umezoea kuvunja protini, kwa hiyo kifurushi hakibaki kama taka. Tena seli nyingi za saratani zina njaa ya chuma, na vipokezi, yaani vishikio, zinavyovipanga juu yake kwa ajili hiyo huinasa feritini pia.

Rangi ikishafika, hufanya kazi mbili. Ikimulikwa kidogo inang'aa, na kamera humwonyesha daktari uvimbe unaishia wapi. Ikipigwa mwanga mkali wa leza, huigeuza oksijeni iliyo jirani kuwa kali kiasi cha kuziua seli. Rangi nyingine hutoa joto, na protini za uvimbe huganda kama ute wa yai kwenye kikaango. Pasipo mwanga, dawa imelala. Kwangu huo ndio uzuri wake: sumu haiamki mwili mzima, inaamka pale tu panapomulikwa. Na tusiichanganye na mionzi ya mashine za saratani. Huu ni mwanga wa kawaida, wa aina ya ule wa tochi, ila umechaguliwa na kukolezwa.

Tiba ya mwanga yenyewe si ngeni. Photofrin, dawa inayoamshwa na mwanga, iliidhinishwa Kanada mwaka 1993, lakini hubaki kwenye ngozi, na mgonjwa huambiwa ajikinge na jua siku 30 au zaidi. Sasa fikiria hapa Uganda, ambako mstari wa Ikweta unakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe. Mama anayepanga nyanya zake kando ya barabara hiyo atajificha jua mwezi mzima, watoto wale nini? Ndiyo maana naitazama protini kwa matumaini: rangi ikipelekwa zaidi kwenye uvimbe, ngozi inabaki na kidogo.

Nyingi ya chembe hizi bado zinajaribiwa kwa panya. Na mwanga nao hauendi mbali, kama sentimita moja hivi ndani ya nyama. Hufaa ngozi, mdomo, au umio, ambako waya mwembamba wa kioo huteremshwa kupitia kooni hadi ukautazama uvimbe uso kwa uso.