Je, wajua kwa nini kuongeza besi kwenye redio ya gari huharibu sauti ya mwimbaji?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ikwalaiza ya redio ya gari, yaani vile vitelezi vya kurekebisha sauti nzito na nyembamba, hutumika kama viungo vya jikoni: besi ikipungua unaiongeza, sauti nyembamba zikififia unaziongeza nazo, hata mwishowe vitelezi vyote vinakuwa vimepanda. Kila nilipofanya hivyo mwimbaji alianza kukwaruza, nami nikailaumu spika, ilhali spika haikuwa na kosa.

Ikwalaiza huyagawa katika mafungu masafa yanayosikika kwa binadamu, yaani takribani hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 20,000, na kila fungu hupandishwa au kushushwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Nilikosea kwa kudhani kwamba desibeli chache ni jambo dogo. Kupandisha fungu kwa desibeli 3 huidai amplifaya, yaani kikuza sauti kinachoisukuma spika, nguvu maradufu. Desibeli 6 hudai mara nne, na desibeli 12, ambazo ndizo kikomo cha vitelezi vingi, hudai karibu mara 16. Redio isiyo na amplifaya ya pembeni haina nguvu hizo. Hutegemea umeme wa gari, ambao injini ikiwaka huwa kama volti 14, na kwa spika yenye ukinzani wa omu 4 volti hizo haziwezi kutoa zaidi ya wati 25 hivi za sauti safi, hata kama usoni mwa redio pameandikwa wati 50 kwa kila spika.

Fikiria gati la mbao lililojengwa juu ya bahari. Maji yakiwa matulivu, mawimbi hupita chini yake yakiwa na umbo lake kamili. Yakikua, vilele vyake hugonga mbao na kubapa. Volti 14 ndizo mbao hizo. Sasa vitazame viwimbi vidogo vinavyopanda migongoni mwa mawimbi makubwa: besi ni wimbi kubwa, na sauti ya mwimbaji ni viwimbi. Wimbi kubwa linapogonga gati, viwimbi vilivyokuwa kileleni hufutika pamoja nalo, kisha huonekana tena linaposhuka. Mwimbaji hukatwa na kurudishwa namna hiyo mara nyingi ndani ya sekunde moja, na sikio huusikia mkatiko huo kama mkwaruzo, ingawa hakuna aliyegusa kitelezi cha masafa yake. Hili hunistaajabisha hadi leo: anayeongezwa ni mpiga besi, anayeumia ni mwimbaji. Tena wimbi lililobapa kabisa hubeba nguvu maradufu ya wimbi safi lenye kimo kilekile, kwa hiyo hata amplifaya ndogo inaweza kuunguza koili ya spika.

Ndiyo maana mafundi wengi hushauri kushusha badala ya kupandisha. Ushauri huo ni mzuri, lakini usichukuliwe kuwa dawa ya kila kitu, kwa sababu ukishusha mafungu mengine kisha ukapandisha sauti ya jumla mpaka ilipokuwa, utakuwa umelirudia gati lilelile. Faida yake halisi hutokana na gari lenyewe. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4 hivi, na chumba cha gari dogo, ambacho ni kifupi kuliko hapo, huikuza besi ya chini bila kuombwa, huku vioo vikizirudisha sauti kali. Mara nyingi, basi, tatizo ni sauti iliyozidi. Muziki ukivuma kama uko ndani ya pipa, jaribu kushusha fungu la hezi 125 au 250 kwa desibeli 3, ingawa magari hayafanani na huenda lako likahitaji fungu jingine.

Hata hivyo, kuna nyakati ambapo kupandisha besi ni halali. Mvumo wa matairi barabarani huifunika. Pia watafiti Fletcher na Munson walionyesha nchini Marekani mwaka 1933 kwamba muziki ukiwa wa chini, sikio huwa dhaifu zaidi kwa sauti nzito kuliko kwa sauti za kati. Kwa bahati njema, sauti ikiwa chini mawimbi nayo huwa madogo, na nafasi chini ya gati ni tele. Unapoipandisha sauti ya jumla, kirudishe kitelezi cha besi kwenye sifuri.