Je, wajua kwa nini figo ya aliyekufa ubongo huanza kuumia kabla haijatolewa mwilini?

Ami yangu husafishwa damu mara mbili kwa wiki hapa Mombasa. Ukimshika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, unausikia mshipa ukivuma chini ya kidole kama nyuki aliyefungiwa chupani. Hapo ndipo zinapochomwa sindano za mashine. Jioni moja barazani, Mji wa Kale, akinywa kikombe kidogo cha kahawa tungu alichoruhusiwa, aliniuliza: "Mwanangu, figo ya aliyekufa ubongo na figo ya aliye hai, si zote ni figo?"

Haziko sawa. Aliyekufa ubongo ni mtu ambaye ubongo wake umesimama kabisa, ingawa moyo bado unapiga akiwa kwenye mashine ya kupumulia. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walilinganisha figo walizotoa waume na wake kuwapa wenzao na figo za marehemu. Mume na mke hawana undugu wa damu, kwa hiyo vinasaba vyao kwa kawaida havioani. Hata hivyo, baada ya miaka mitatu asilimia 85 ya figo zao zilikuwa bado zinafanya kazi, na za marehemu asilimia 70. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na namna mtoaji alivyofariki.

Mtu akianguka na pikipiki, au mshipa ukampasukia kichwani, ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Unasukumwa chini na kulikandamiza shina la ubongo, ambalo likikosa damu huufanya mwili umwage adrenalini, homoni ya mshtuko, kwa wingi wa kutisha. Presha inapaa, mishipa midogo ya moyo na figo inabanwa. Muda si mrefu dhoruba inakatika na presha inaporomoka. Kati ya waliolichunguza jambo hili kwa makini ni madaktari wa Groote Schuur, Cape Town, waliowafanyia nyani majaribio katika miaka ya 1980. Ni hospitali ile ile ambako Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu mwaka 1967.

Baada ya dhoruba huja moto. Aliyewahi kuchomwa kidole na mwiba wa samaki anaujua: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Hiyo ni kinga ya mwili kazini. Ubongo ukifa, hali kama hiyo huwaka mwili mzima. Kemikali za kuitana vitani, ziitwazo saitokini, zinajaa kwenye damu, na kuta za mishipa ya figo, ini na mapafu zinanasa chembe nyeupe za damu. Figo inapofika kwa mgonjwa tayari imewaka, na kinga ya mwenyeji mpya inaitambua upesi kuwa ni adui.

Ndipo likaja wazo ambalo mimi naliona la busara: mbona tusubiri kumpa dawa mpokeaji peke yake? Tuuzime moto kwa mtoaji, angali kwenye mashine ya kupumulia. Dawa iliyojaribiwa zaidi ni stiroidi iitwayo methilprednisoloni. Huko Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watoaji wa ini waliopewa dawa hiyo walikuwa na saitokini chache, na maini yao hayakuumia sana kama ya wengine baada ya kupandikizwa. Watu walifurahi. Miaka miwili baadaye watafiti wa Austria na Hungaria waliwapa watoaji miligramu 1,000 na kufuatilia figo 455. Dalili za moto ndani ya figo zilipungua kweli, lakini figo zilizochelewa kuanza kazi hazikupungua. Kwa hiyo tusimwambie mgonjwa kwamba dawa imepatikana. Kupunguza moto ni jambo moja, kuiokoa figo ni jingine.

Kilichofanya vizuri zaidi hakikuwa dawa. Mwaka 2015 huko Marekani watoaji walipoozwa hadi nyuzi joto 34 au 35 badala ya joto la kawaida. Figo zilizochelewa kuanza kazi zilikuwa asilimia 28, na kwa wasiopoozwa asilimia 39.

Kuna swali la idhini pia, nami naona ni zito. Dawa anapewa marehemu, lakini inaingia katika maisha ya watu kadhaa: mwenye figo moja, mwenye ya pili, mwenye ini, mwenye moyo. Nani aulizwe? Hapa Kenya wengi hupewa figo na ndugu aliye hai, ingawa Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu mzima kuusia viungo vyake mbele ya mashahidi.

Na barazani halikosekani swali la dini: moyo unapiga, amekufaje? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Amman mwaka 1986 likakubali kwamba ubongo wote ukisimama kabisa, na madaktari bingwa wakathibitisha kuwa haurudi, mtu huyo amekufa. Wapo wanazuoni wasiokubali, na ami aliwahi kuwa upande wao.

Nilipomweleza habari ya kupoozwa, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama yule marehemu anaisikia baridi. Nikamwambia la, ami. Ubongo ndio unaosikia baridi, na wake haupo tena.