Chembe haivimbi wala haiyeyuki

Dhana nyingi potofu kuhusu joto, mvuke na gesi zina mzizi mmoja: tunaipa chembe moja tabia ya kitu kizima. Chuma kikitanuka juani tunadhani atomu zake zimevimba. Barafu ikiyeyuka tunadhani molekuli zake zimelainika. Kumbe molekuli ya maji ni ileile, iwe kwenye barafu wanayofunikia samaki pale Feri, soko la samaki Dar, kwenye ndoo ya kisima Tandika au kwenye mvuke wa birika. Hakuna molekuli ngumu, ya majimaji wala ya moto. Kinachobadilika ni mwendo wake, umbali kati yake na jirani zake, na jinsi zinavyoshikana. Hata kwenye nondo baridi ya ujenzi atomu hazijatulia. Zinatetemeka palepale zilipo.

Tuanze na mtungi wa gesi, maana huko ndiko uzushi ulikojaa.

"Nimeuziwa gesi ina maji"

Mtu ananyanyua mtungi wa kilo 6, anautikisa, anasikia kitu kinachezacheza ndani, anarudi dukani kugomba. "Kaka, hii gesi mmechanganya maji!" Hapana, kinachocheza ndicho alichokinunua: mchanganyiko wa propani na butani. Zikiwa nje, kwa presha ya kawaida ya hewa, zote ni gesi katika joto letu. Propani huchemka nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu kabisa na sifuri. Ndani ya mtungi zimesongwa kwa presha iliyo mara kadhaa ya ile ya nje, molekuli zikakaribiana mpaka zikashikana, zikawa kimiminika. Juu ya kimiminika hicho kuna nafasi iliyojaa gesi. Ukiwasha jiko, inatoka gesi ya juu, na kimiminika kinachemka taratibu kujaza pengo.

Ndiyo maana si kweli kwamba mtungi uliobaki nusu una nguvu nusu. Maadamu kimiminika kipo, presha inaamuliwa na joto lake, si na wingi wake. Geji haitakwambia gesi imebaki kiasi gani. Mizani itakwambia: toa uzito wa mtungi mtupu, ambao umeandikwa kwenye mtungi wenyewe.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama. Pika maharage kwa muda mrefu, halafu pitisha kiganja ubavuni mwa mtungi kutoka juu kwenda chini. Kuna mahali ubaridi unaanza ghafla, na kwa unyevu wa Dar mara nyingi utakuta matone yametanda kuanzia hapo. Huo ndio usawa wa kimiminika kilichobaki. Kinapoa kwa sababu molekuli zenye kasi ndizo zinazofaulu kutoroka na kuwa gesi. Zinazobaki ni za mwendo wa polepole, na mwendo mdogo ndio ubaridi. Matone yale hayakuvuja kutoka ndani, kama ambavyo soda haipenyi kioo cha chupa ikitolewa kwenye friji. Ni mvuke wa maji uliokuwa hewani, umegusa bati baridi, ukapunguza mwendo na kushikana.

Ubaridi huohuo hufanya moto unyong'onyee mtungi unapokaribia kuisha, na hapo wengine huulaza "ili itoke yote". Usifanye hivyo. Ukilala, kinachoingia kwenye regulata na mpira ni kimiminika, na lita moja yake ikigeuka gesi hufikia zaidi ya lita 200. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa; ikivuja inatambaa sakafuni, haipandi dirishani.

"Ongeza moto, maji yachemke zaidi"

Hapa Dar, usawa wa bahari, maji yanayochemka kwenye sufuria isiyobana mvuke hukaa nyuzi 100, moto uwe wa kufa na kupona au wa kubembeleza. Joto la ziada haliongezi mwendo wa molekuli zilizobaki majini; linatumika kuzing'oa molekuli kutoka kwa wenzake. Kazi hiyo si ndogo. Kilo moja ya maji kuipandisha kutoka nyuzi 20 hadi 100 ni kilojuli (kipimo cha nishati) 335 hivi, lakini kuigeuza yote mvuke ni kama 2,260. Kwa hiyo moto mkubwa unakausha sufuria na kumaliza gesi, maharage yanaiva muda uleule. Mvuke nao unaunguza vibaya kuliko maji ya moto: ukigusa ngozi unageuka maji na kukuachia joto lote hilo.

Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa inasukuma kidogo, mapovu yanaweza kujitanua mapema, na maji yanachemka karibu nyuzi 94. Maharage huko yanakawia, na si kosa la maharage. Mapovu yenyewe watu husema ni hewa. Vile vidogo vya mwanzo ni hewa kweli, iliyokuwa imeyeyukia majini. Makubwa ya mchemko ni maji yaliyogeuka gesi.

"Katikati ya chembe za gesi kuna hewa"

Hewa yenyewe ni hizo chembe. Katikati yake hakuna kitu. Kwenye joto la kawaida molekuli za hewa zinakimbia karibu mita 500 kwa sekunde, ila harufu ya samaki wa kukaanga huchelewa kukufikia kwa sababu kila molekuli inagongwa na nyingine mara mabilioni kwa sekunde, kama mtu anayekimbilia basi Kariakoo mkesha wa Idi.

Migongano ya aina hiyo, ikiangukia ukuta wa chombo, ndiyo presha. Daniel Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi, aliieleza hivyo mwaka 1738, zamani kabla ya atomu kukubaliwa na wengi.

"Tairi limepata joto, upepo umezidi, punguza"

Gari limetoka Morogoro juani, limefika Kimara, geji inasoma 34 badala ya 30 (paundi kwa inchi ya mraba). Hakuna upepo ulioongezeka. Molekuli ni zilezile, zinagonga kwa nguvu na mara nyingi zaidi. Hewa ya tairi ikitoka nyuzi 27 hadi 57, kwa kipimo cha Kelvini, kinachoanza kuhesabu kwenye ubaridi wa mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri, ni kutoka 300 hadi 330, ongezeko la moja ya kumi. Na geji haihesabu presha ya hewa ya nje, kama 15, kwa hiyo presha kamili ilikuwa 45 na sasa inakaribia 50. Ukipunguza hapo, kesho asubuhi tairi likipoa litakuwa pungufu. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi.

"Feni inapoza hewa"

Haipozi, mota yake inaongeza joto kidogo. Inachofanya ni kuondoa hewa iliyoshiba mvuke karibu na ngozi, jasho likapata pa kukimbilia, na linapokauka linaondoka na joto lako. Unyevu ukizidi, kama Machi kabla ya masika, hata pangaboi hufanya kazi nusu. Ukitoka chumbani, izime. Kitanda hakitoki jasho.