Pafyumu haiondoi harufu ya sigara kwenye gari la mtumba

Wengi tunaamini ukinunua gari lililokuwa la mvutaji, ukining'iniza pafyumu na kuacha vioo wazi siku kadhaa, harufu itaisha. Na ni rahisi kuamini, maana kwa muda kweli unaona imepungua.

Shida ni kwamba moshi ukishatoka hewani unaacha lami na nikotini zimeganda kwenye siti, mikanda, kapeti, na zaidi kwenye kitambaa cha dari kwa sababu moshi hupanda juu, halafu gari likipigwa jua ule uchafu unaanza kutoa harufu upya, ndo maana asubuhi unaona poa na mchana inarudi. Pafyumu inaifunika tu.

Usichukue neno langu, chukua kitambaa cheupe chenye maji ya sabuni ufute kioo cha mbele kwa ndani. Kikitoka na rangi ya njano au kahawia kwenye gari la mvutaji, basi hiyo mara nyingi ndo mabaki yenyewe. Au funga gari juani saa moja, fungua, nusa.

Kinachosaidia ni kusafisha kila sehemu, vioo, plastiki, hadi mikanda, na kubadilisha filta ya hewa ya ndani ya gari, hii watu wanaisahau sana jamani. Bikaboneti ya soda (ule unga wa baking soda) ukiimwaga kwenye siti kavu ikalala usiku kucha kisha ukavuta kwa vakyumu inapunguza pia. Dari usililoweshe, gundi yake inaachia kitambaa kinaning'inia.